Pembe ya Chairman ilipopotea Kanja, na mimi Mmeru nikaitwa mwizi

Wakuu, wenye umri shikamooni, na nyinyi wengine sasa.

Nimekaa humu miaka nikisoma visa vya watu na kucheka peke yangu hadi mke wangu akaniuliza kama niko sawa. Leo ni zamu yangu.

Hiki kisa kilinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Mahali nitatia chumvi nitawaambia, ili mtu asinisumbue na maswali huko chini.

Ilikuwa miaka ya tisini, kabla simu za mkono hazijafika kwetu. Mimi ni Mmeru wa pande za Makutano, lakini kazi niliipata Embu, huko Kanja, kwa mwalimu mmoja mstaafu. Tumwite Mzee Njeru.

Mzee alikuwa na nyumba mjini, mtaa wa Majimbo, lakini moyo wake ulikuwa shambani Kanja. Wenzake walikuwa wanaongeza majani chai. Yeye akachimba bwawa, akazungusha waya, akafungua park ya wanyama.

Watu wakasema amerukwa na akili. Halafu shule zikaanza kuleta watoto na mabasi, wakanyamaza.

Kwenye bwawa tulikuwa na mabata ya kila aina, na bata bukini, wale weupe wenye shingo ndefu. Aliyewatunza ni jirani yetu Mama Wawira, mama mmoja mwenye mdomo ambao haukujua kupumzika.

Kulikuwa na bukini mmoja jike tuliyemwita Matron. Kama ulisoma boarding unajua kwa nini. Hakuna mtu alipita karibu naye bila kufukuzwa, hata Mzee mwenye shamba.

Kazi yangu mimi ilikuwa boma la kulungu. Si hawa wetu wa msituni. Hawa walikuwa kulungu wa Ulaya, Mzee aliwanunua kutoka kwa mzungu mmoja wa upande wa Nanyuki aliyekuwa anafunga shamba arudi kwao. Watu wa Kanja wakawaita mbuzi ya mzungu. Wageni wenye Kiingereza chao wakawaita "ndia".

(Kendi, msichana wangu aliyekuwa anashona nguo Makutano, siku niliyomwambia nashinda na ma-ndia alidhani nasema "dear", yaani wapenzi, akaninunia wiki nzima. Tuendelee.)

Dume lilikuwa moja tu, jina lake Chairman. Huyo alikuwa na pembe, wakuu. Pana kama kiganja cha mtu aliyefungua vidole. Watoto wa shule walikuwa wanakuja kuona hizo pembe, hao wengine walikuwa wa kusindikiza.

Sasa nisikilizeni hapa vizuri.

Mzee Njeru alifundisha Kiswahili maisha yake yote, na kustaafu hakukumponya. Ukisema "geti" anakusahihisha, "Lango." Ukisema "kona" ndiyo umeharibu kabisa.

"Kona ni Kiingereza kilichotoroka shule," alikuwa anasema. "Sema pembe. Pembe ya chumba, pembe ya shamba. Mutwiri, rudia."

Na mimi mtu mzima na ndevu zangu narudia, "Pembe ya shamba."

Siku yule mzungu alipoleta wanyama, mimi ndiye nilishika geti. Samahani, lango. Mzungu akatembea akaangalia boma, akaridhika. Kabla ya kupanda gari akamgeukia Mzee. Akanyoosha fimbo kule Chairman alikuwa amesimama, pale mwisho ambapo waya mbili zinakutana, akasema na kile Kiswahili chao cha shambani:

"Njeru, ile pembe taanguka. Wewe usiogope. Wacha anguka. Halafu nakuja ingine, kubwa."

Akaenda zake, na hatukumwona tena.

Mzee alikasirika. "Huyu anafikiri mwalimu hajui kujenga boma? Pembe itaanguka? Nijenge nyingine kubwa? Nitamwonyesha kubwa."

Kesho yake akaita fundi. Zile pembe nne za boma zikajengwa nguzo za simiti, nene, hata trekta ingezizunguka kwa heshima. Kila mgeni akija, Mzee anamzungusha, anagonga nguzo kwa kiganja na kusema, "Pembe zangu hazianguki."

Tulimcheka yule mzungu sana. Na mimi nilicheka, siwafichi.

Sasa twende kwa Kendi.

Baba Kendi alikuwa anauza mbao Makutano. Mtu mrefu, kofia haitoki kichwani isipokuwa kanisani. Nilipojileta kwake mara ya kwanza akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema nachunga wanyama. Akauliza, "Wako?" Nikasema la.

Kisha akasema hataki maneno yangu mimi, maana kila kijana anajisifu. Atakuja mwenyewe Kanja, Jumamosi fulani, aniangalie kazini na asikie kutoka kwa mdomo wa tajiri wangu mimi ni mtu wa aina gani. Akiridhika, tulete wazee. Asiporidhika, nitafute msichana kwingine.

Kwa hivyo wakuu, neno moja la Mzee Njeru ndilo lilikuwa limemshika Kendi. Na mimi Kendi nilimpenda vibaya sana.

Wiki ya mgeni ikafika. Nikafagia kila mahali. Nikaona hakuna pahali pa heshima pa mzee wa watu kukaa, nikaazima msumeno kwa stoo, nikakata miti, nikamtengenezea benchi karibu na boma. Msumeno nikaurudisha jioni. Watu waliniona nao, na sikuwa na sababu ya kujificha.

Asubuhi iliyofuata naingia bomani na majani ya viazi vitamu, Chairman huyo anakuja, kichwa kimeinama upande mmoja kama mtu aliyelala vibaya.

Pembe moja haipo.

Pale ilipokuwa kuna kidonda kidogo na damu kiasi. Nikatafuta kwa nyasi, kwa waya, chini ya karai la chumvi ya kulungu kulamba, nikazunguka boma lote. Bwawa lilikuwa limeingia bomani upande wa chini ili kulungu wanywe maji, na hapo kwenye nyasi ndefu Matron alikuwa analalia mayai. Nikasogea kidogo, akanyoosha shingo na kupiga ule mluzi wake wa nyoka. Nikaona hapo hakuna haja.

Hiyo "hakuna haja" ndiyo iliniponza.

Mzee akaja. Akamwangalia Chairman, akaniangalia mimi. Sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Mutwiri. Pembe iko wapi?"

Wakuu, mimi nilikuwa nimechanganyikiwa. Na huyu mtu alikuwa amenifundisha mwaka mzima maana ya pembe. Nikageuka, nikazihesabu zile nguzo.

"Ziko zote, Mzee."

Alifikiri namcheza shere.

Kutoka hapo sikuwa na mtetezi. Ni nani pekee Chairman anakula mkononi mwake? Mutwiri. Ni nani alionekana na msumeno jana? Mutwiri. Ni nani anataka kuoa? Mutwiri. Tena ni Mmeru, amekuja Embu kufanya nini kama si hiyo?

Kila mtu tuliyemjua alijua kitu kimoja kuhusu pembe za mnyama. Za mbuzi, za ng'ombe, za swara, haziachi kichwa mpaka mnyama afe au mtu azikate. Hata mimi nilijua hivyo. Nilikaa kwenye lile benchi langu nikijiuliza kama labda niliikata nikiwa usingizini.

Mama Wawira alinipikia githeri siku hiyo, akaniletea mwenyewe. Nikamuuliza kama na yeye anaamini.

"Mimi siamini," akasema. "Lakini kama ni wewe, si ungeniambia nikutafutie mteja mzuri?"

Nilikula hiyo githeri na hasira.

Habari ikatoka. Kanja sokoni walisema Mmeru wa Mzee Njeru ameuza pembe. Haya, hiyo ni pembe ya mbuzi ya mzungu. Lakini mnajua miaka ile neno "pembe" likitembea peke yake linakuwa la ndovu. Kufika Embu mjini, nilikuwa nimeuza pembe za ndovu. Kufika Makutano, lori lilikuwa limeshikwa na polisi, nami nimetorokea Isiolo.

(Hapo kwa lori kuna chumvi, lakini si yangu. Nililetewa ikiwa tayari na chumvi.)

Jumamosi ikafika. Mzee, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa, akaamua tutaanza na maombi, kisha ataniweka kwa pickup anipeleke polisi. Alisema hivyo kwa upole, na huo upole ndio uliniumiza zaidi. Nilikuwa nampenda yule mzee kama baba. Ningetukanwa ningejua la kufanya.

Tulikuwa tumesimama kando ya boma, Mzee, Mama Wawira na mimi, wakati Baba Kendi alipotokea kwa njia ya majani chai. Koti, kofia, fimbo. Akasalimia. Akakaa kwenye benchi. Akaniangalia kutoka viatu kwenda juu.

"Mutwiri," akasema. "Ni ndovu ngapi?"

"Baba, hakuna ndovu. Ni hii tu, mbuzi ya mzungu."

Akatingisha kichwa pole pole. "Kwa hivyo ni mbuzi unaiba."

Mnajua yale watu husema kuhusu sisi Wameru na hasira. Siku hiyo nilikuwa nayo yote, ya Imenti na ya Tigania pamoja. Kulikuwa na wilbaro karibu na niliiangalia mara mbili. Lakini nilimfikiria Kendi, nikaiacha. Badala ya hasira yakaja machozi, nikaangalia chini.

Mzee akamwambia mgeni, "Mzazi, umekuja kuuliza juu ya huyu kijana. Ungekuja juzi ningekuambia mema matupu. Leo wacha tuombe kwanza."

Baba Kendi akavua kofia, akaiweka kando yake kwenye benchi. Tukafunga macho.

Mzee Njeru akiomba hana haraka. Alianza na mvua, akaja kwa majani chai, akaombea serikali. Mwishowe akafika kwetu, na sauti ikapanda.

"Ee Mungu, wewe unayeona pembe nne za dunia! Tuonyeshe leo pembe moja tu! Kilichofichwa kifichuliwe!"

Nikafungua jicho moja. Mtu anayeombewa hivyo ana haki ya kuangalia.

Chairman alikuwa amesogea mpaka ile nguzo ya simiti iliyo karibu nasi, anajikuna. Anasugua kichwa, anasugua, kama mtu mwenye kofia inayowasha. Ile pembe iliyobaki ikalegea, nikaiona kwa jicho langu hili, ikainama, ikaachana na kichwa, ikaanguka juu ya karai la chumvi.

PAAA!

Matron kule chini akafikiri ni vita. Akatoka kwa nyasi mbawa zimefunguka, anapiga kelele, mbio moja kwa moja hadi kwa karai, akaanza kuliuma.

Mama Wawira, ambaye naye hakuwa amefunga macho (alikataa baadaye, lakini hakuwa amefunga), akapiga mayowe. "Ngai! Imeanguka! Imeanguka yenyewe!"

Mzee hakufungua macho. Mtu wa kanisa hakatizwi.

"Nini imeanguka?"

"Pembe, Mzee! Pembe!"

Na Mzee, macho bado yamefungwa, mikono iko juu, akasema, "Haiwezi. Niliweka simiti."

Wakuu.

Hapa sijatia chumvi hata punje. Maneno ni hayo.

Halafu akafungua macho. Akaiona nguzo, imesimama vile ilijengwa. Akamwona Chairman, kichwa kitupu kama cha jike, anakula nyasi, tena anaonekana amepata nafuu. Akaiona pembe kwenye karai na Matron akiipiga mbawa.

Mama Wawira akatumia hiyo nafasi kukimbilia kiota, maana yeye mayai yake ndiyo alikuwa anafikiria. Akainama. Akakaa hivyo. Kisha akainua kitu juu, kimejaa manyoya na matope.

Ile pembe ya kwanza. Ilikuwa imeangukia hapo Chairman akinywa maji, na Matron akaivuta chini ya tumbo lake pamoja na mayai. Siku zote hizo mimi nikiitwa mwizi, yeye alikuwa anaitotoa.

Mama Wawira akaigeuza, akatuonyesha mwisho wake. Hapakuwa na alama ya msumeno. Palikuwa na duara lenye vinundu, kama mahali tunda limeachana na tawi.

Mimi nilikuwa namwangalia Mzee, na niliona midomo yake ikisogea bila sauti. Nilijua anarudia nini. Taanguka. Usiogope. Wacha anguka. Nakuja ingine, kubwa.

Akaenda hadi kwa nguzo, akaiwekea kiganja, lakini hakuigonga.

"Kumbe yule mzungu," akasema, "alikuwa anajua Kiswahili."

Mimi nilianza. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama Wawira akamsimulia Baba Kendi hadithi yote ya mzungu na nguzo, huku akilia kwa kicheko, na yule mtu mrefu wa mbao, ambaye sikuwa nimewahi kuona meno yake, akacheka hadi benchi langu likatoa sauti. Kofia yake ikaanguka chini. Matron akaichukua akaenda nayo, na hakuna mtu aliyethubutu kumfuata.

Mzee hakucheka. Alingoja tumalize. Akachukua hizo pembe mbili, akaja akasimama mbele ya Baba Kendi kama mtoto aliyeitwa ofisini.

"Mzazi," akasema, "huyu kijana nimemwita mwizi mbele yako. Nimemkosea. Nilikuwa na jibu tangu siku ya kwanza na nikalimwagia simiti. Ukimpa binti yako, hutajuta. Na kama hana mtu wa kumsemea kwenu, nitakuja mimi."

Kisha akanigeukia. "Mutwiri, nisamehe."

Nilimshika mkono tu.

Alikuja kweli. Siku ya kwenda kwa kina Kendi, Mzee Njeru, Muembu mtupu, ndiye alikuwa msemaji wangu mbele ya wazee wa Kimeru. Wakataja vitu vyao vya mila, asali, kondoo, blanketi, tukakubaliana vizuri. Mwishoni Baba Kendi akasema kuna kitu kimoja cha ziada, si cha mila. Anataka pembe moja, maana alipoteza kofia kwa ajili yetu na hiyo mpya inahitaji mahali pa kutundikwa.

Mzee akauliza, uso mkavu kabisa, "Pembe gani?"

Nyumba nzima iliangua kicheko. Hiyo pembe iko ukutani Makutano mpaka leo.

Chairman aliota nyingine, kubwa kushinda zile. Zikaanguka tena. Tukazoea, hata tukaanza kuwaita watoto wa shule wabahatishe itaanguka upande gani kwanza.

Na tangu ile Jumamosi, sikuwahi kumsikia Mzee akisema "pembe" ya boma, wala ya chumba, wala ya dunia. Akiwa na jambo la kusema, anasema "kona". Na hakuna aliyemsahihisha.

Funzo langu ni dogo. Mtu akikuletea habari ya kutisha juu ya mwenzako, kabla hujawasha pickup, muulize kwanza pembe gani. Mimi ningekuwa nimekosa mke na watoto wangu wote kwa neno moja ambalo kila mtu alidhani analijua.

Haya, uwanja ni wenu. Kama umewahi kuponzwa na neno moja lenye maana mbili, lete tucheke pamoja. Wale wa kusema Wameru ni wezi wa mbuzi pia naona mnaandika, leteni tu, leo sina hasira.

Lakini ngoja niwaambie hili kwanza.

Mzee ametuacha, muda sasa. Wanyama walichukuliwa, watoto wake wakarudisha majani chai kila mahali, hata pale palikuwa bwawa. Juzi juzi tulikuwa Kanja kwa mazishi ya Mama Wawira, na mimi na Kendi tukapita shambani.

Waya haupo, lango halipo. Zile nguzo nne za simiti ziko, zimesimama katikati ya majani chai, na wachumaji wametundika makoti yao hapo.

Nikaigonga moja kwa kiganja kama alivyokuwa anafanya.

"Pembe zako hazikuanguka, Mzee," nikasema.

Kendi akanishika mkono. "Kona," akanisahihisha.